Mtoto Anayejua Kusoma Tayari: Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Nyumbani Kabla ya Darasa la Kwanza

Binti yangu alikuwa na miaka minne na miezi saba alipolichukua gazeti mezani na kuwasomea wageni kichwa cha habari cha ukurasa wa mbele: "Bunge lapitisha bajeti." Hakukwama hata silabi moja. Wageni walipiga makofi, shangazi yake akamtabiria udaktari papo hapo, na mimi, nikiri tu, nilivimba kichwa. Wageni walipokwisha kuondoka alinifuata jikoni akauliza, "Mama, Bunge anaishi wapi?"

Swali hilo lilibadili namna nilivyomfundisha kwa muda wote uliobaki kabla hajaanza darasa la kwanza, na ndilo msingi wa mwongozo huu. Kiswahili kina irabu tano zisizobadilika sauti, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Kwa hiyo mtoto mwenye kumbukumbu nzuri, akishalimudu jedwali la ba, be, bi, bo, bu pamoja na miambatano kama mb, nd na ny, anaweza kutamka karibu chochote kilichoandikwa, kuanzia jina la duka hadi Katiba ya nchi. Kuelewa hakumjii kwa kasi hiyo. Sisi wa Pwani tungepaswa kulijua hili kuliko wengine, maana mtoto wa chuoni, yaani madrasa, husoma Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, kwa ufasaha wa kupendeza akiwa hajui maana ya neno hata moja, wala hakuna mzazi anayedhani kwamba mwanawe anajua Kiarabu. Ila mtoto huyohuyo akilisoma gazeti la Kiswahili, tunadhani ameelewa, kwa sababu sisi wenyewe tumeelewa.

Hatua ya kwanza: pima anachokisoma kweli

Kabla ya kununua kitabu chochote, tenga siku tatu za kumpima, dakika kumi kila siku, bila kumwambia kwamba anapimwa. Siku ya kwanza pima matamshi. Mwandikie maneno haya kwenye karatasi kwa herufi kubwa: ng'ombe, ngoma, mbu, mbwa, nywele, dhahabu, thelathini, ghali, labda, daktari, nyang'anya. Mtoto anayezitofautisha ng' na ng, na asiyeongeza irabu katikati ya "labda" ikawa "labuda", ameimudu mitego karibu yote ya tahajia yetu. Kisha mpe sentensi mbili: "Gari limepita barabara mpya" na "Fundi ameifanya kazi barabara." Katika ya kwanza mkazo huwa kwenye silabi ya tatu, na katika ya pili wasemaji wengi huupeleka kwenye silabi ya pili. Tahajia haionyeshi tofauti hiyo, hivyo atakayezisoma sawasawa zote mbili atakuwa ameongozwa na maana. Asipoweza usishtuke, watoto wengi hawawezi.

Siku ya pili pima ufahamu. Mwandikie kisa kifupi, usimsomee, mwache asome mwenyewe:

"Rehema aliingia ndani mbio huku nguo zikimchuruzika maji. Mama akamwambia, 'Mbona hukungoja iishe kwanza?'"

Muulize nini kilichopaswa kuisha. Neno mvua halimo katika kisa hicho. Limo katika nguo zinazochuruzika na katika kile kiambishi i- cha "iishe". Binti yangu alikisoma kisa hiki mara mbili kwa sauti ya mtangazaji wa redio, kisha akajibu, "Chai." Nilicheka, ila jibu lile lilinionyesha mahali pa kuanzia. Ongeza na maagizo ya kutenda, yaliyoandikwa tu na yasiyosemwa: "Weka kijiko chini ya kikombe, kisha niletee kikombe peke yake." Akikuletea vyote viwili, ametamka maneno na kuiacha kazi.

Siku ya tatu mwambie akusimulie hadithi aliyoisoma jana yake, bila kitabu mkononi. Sikiliza kama matukio yanafuatana na kama anajua kwa nini mhusika alitenda alivyotenda. Andika matokeo ya siku zote tatu katika daftari, pamoja na tarehe, kwa sababu utayahitaji baada ya miezi mitatu na tena siku utakayoongea na mwalimu wake.

Hatua ya pili: fahamu mipaka ya sheria na umri

Nchini Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka umri wa kuanza darasa la kwanza kuwa miaka 6 na elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Nchini Kenya mtoto hupita madarasa mawili ya awali, yaani PP1 na PP2, kabla ya Gredi ya Kwanza, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule au taasisi iliyoidhinishwa. Maana yake ni kwamba masomo ya nyumbani ninayoyaeleza hapa yanahusu muda ulio kabla ya umri huo, na baadaye saa za jioni na siku za likizo. Si njia ya kumficha mtoto asiende shule. Nenda mapema kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu au kwa afisa elimu kata ukaulize kuhusu darasa la awali, na kama cheti cha kuzaliwa bado, kifuatilie sasa. Uandikishaji wa darasa la kwanza Tanzania hufanyika miezi ya mwisho wa mwaka kwa ajili ya muhula unaoanza Januari, na foleni ya vyeti huwa ndefu wakati huohuo.

Hatua ya tatu: panga muda, vifaa na mtu wa kusimamia

Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, saa moja na nusu kwa siku inatosha kabisa, tena iliyokatwa vipande vya dakika kumi na tano hadi ishirini vyenye mapumziko ya kucheza katikati. Asubuhi baada ya chai ndio wakati bora, kabla jua halijawa kali. Kama unafanya kazi nje na mtoto anashinda na bibi yake au na dada wa kazi, usiwabebeshe ualimu wasiouomba. Waachie jambo moja tu kwa siku, kwa mfano kusimuliwa hadithi, na mengine uyafanye mwenyewe jioni na Jumamosi.

Vifaa havina gharama kubwa. Utahitaji ubao mdogo na chaki, daftari la mistari, daftari la hesabu lenye vijumba, penseli fupi, vizibo vya soda mia moja vilivyooshwa, trei tupu ya mayai, na saa ya ukutani ya mishale. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure katika Maktaba Mtandao ya taasisi hiyo, na hadithi fupi zilizopangwa kwa viwango, nyingi zikiwa kwa Kiswahili, zinapakuliwa bure kutoka tovuti ya African Storybook. Zisome wewe kwanza, kwa sababu tafsiri nyingine zina Kiswahili cha kukwaruza ambacho hutaki kimwingie mtoto. Aliye karibu na maktaba ya mkoa, au na Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, aulizie sehemu ya watoto. Vipindi vya Ubongo Kids na Akili and Me ni vizuri, lakini nisingevihesabu kuwa somo.

Hatua ya nne: mfundishe kusoma kwa maana

Hapa ndipo utakapotumia nusu ya muda wako wote, na kazi ina sehemu tatu zinazokwenda pamoja.

Kwanza, endelea kumsomea wewe. Wazazi wengi huacha siku mtoto anapoweza kusoma mwenyewe, na hilo nadhani ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu masikio ya mtoto wa miaka mitano yanaelewa hadithi ndefu na ngumu zaidi ya zile ambazo macho yake yanaweza kuzimaliza peke yake. Msomee juu ya kiwango chake, naye asome chini ya kiwango chake. Kitabu anachosoma mwenyewe kikiwa na maneno zaidi ya matano asiyoyajua katika ukurasa mmoja, kiweke kando kwa miezi michache. Unaposoma, simama mahali pa maamuzi na uulize, "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Usiulize maswali yanayojibiwa kwa kunakili sentensi. Swali la "Sungura alikwenda wapi?" hujibiwa hata na mtoto asiyeelewa chochote, maana neno analitafuta tu kwa macho.

Pili, mpe maandishi yenye kazi ya kufanya. Siku moja nilimwandikia binti yangu mapishi ya vitumbua kwenye ukurasa mmoja, nikamwambia kwamba leo yeye ndiye anaongoza na mimi nafuata. Mstari wa kwanza ulisema: "Loweka mchele usiku kucha." Akausoma vizuri, akaniangalia, akasubiri. Nami nikasubiri. Mwishowe akasema, "Loweka ni kufanya nini?" Nikamwonyesha bakuli, tukamimina maji, na kesho yake asubuhi akazisaga punje kati ya vidole akaona zinavyovunjika. Neno "loweka" hakulisahau tena, na wiki iliyofuata alinitangazia kwamba nguo za baba yake zimeloweka, nikapata nafasi ya kumweleza kwamba nguo hulowa au hulowekwa. Maagizo ya uji kwenye pakiti, bango la zahanati, vibao vya daladala vinavyotaja gari linakotoka na linakokwenda, barua fupi kutoka kwa babu: vyote hivi ni vitabu vya kiada.

Tatu, jenga akiba ya maneno kwa mdomo. Kila usiku tega vitendawili viwili. Mwanzo wake, "Kitendawili!" na jibu lake "Tega!", humweka mtoto macho hata akiwa amechoka. Anza na "Nyumba yangu haina mlango", ambalo jibu lake ni yai, kisha nenda kwenye "Kuku wangu katagia mibani", yaani nanasi, na hapo itakubidi ueleze miba, kutaga, na kwa nini nanasi lifananishwe na yai. Kitendawili kinamlazimu mtoto kushika maana mbili za neno moja kwa wakati mmoja, na hilo ndilo zoezi analolihitaji msomaji wa sauti. Methali hazifai sana katika umri huu. Mtoto huzikariri kama kasuku, nasi tunarudi kulekule kwenye gazeti.

Hatua ya tano: usiulazimishe mkono uendane na macho

Mtoto anayesoma kama wa miaka minane bado ana vidole vya miaka mitano. Akianza kuandika, herufi zake zitakuwa kubwa, zitapinda, d itageuka b, naye atakasirika kwa sababu anaona wazi kwamba anachokiandika hakifanani na alichokisoma. Wengi hugoma kuandika kabisa hapo. Tenganisha mambo mawili: kutunga na kuumba herufi.

Kwa kutunga, mwache aseme nawe uandike. Akusimulie kisa cha paka wa jirani, ukiandike neno kwa neno jinsi alivyosema, kisha asome mwenyewe alichokitunga. Kwa kuumba herufi, anza na sinia lenye unga mkavu au mchanga laini na kidole kimoja, kisha chaki ubaoni, kisha penseli fupi, ambayo ni rahisi kuishika kwa vidole vitatu kuliko ndefu. Kuambua maharage, kubana vibanio vya nguo na kufinyanga udongo vinakaza vidole kuliko kurasa kumi za mwandiko. Imla ianze pale tu anapoweza kuandika sentensi ya maneno matatu bila machozi, na iwe sentensi moja kwa siku.

Hatua ya sita: hesabu, na ile saa yetu

Msomaji wa mapema mara nyingi huachwa nyuma katika hesabu, kwa kuwa wazazi hushangilia lile linaloonekana. Tena anaweza kukudanganya bila kukusudia, kwa sababu anaweza kulisoma neno "thelathini" asijue kwamba ni makumi matatu. Namba zetu zina ugumu wake. Kumi na moja, kumi na mbili hadi kumi na tisa zinajieleza zenyewe. Kisha ghafla inakuja ishirini, ambayo haifanani na mbili, halafu thelathini, arobaini na hamsini, zilizotoka Kiarabu na ambazo hazimwonyeshi mtoto tatu, nne wala tano. Sitini, sabini na tisini humsaidia, kwa kuwa sita, saba na tisa zenyewe pia zilitoka hukohuko, lakini themanini inamrudisha gizani. Kwa hiyo, kwa miezi kadhaa mwite ishirini "makumi mawili" sambamba na jina lake la kawaida, huku mkipanga vizibo.

Trei ya mayai ina mashimo 30, safu sita za mashimo matano. Safu mbili zikijaa ni kumi, safu nne ni ishirini, na mtoto anaiona bila kuelezwa. Baadaye mfungulie duka la uongo lenye sarafu za kweli za shilingi 50, 100, 200 na 500, na umwache arudishe chenji. Kama mzee yeyote nyumbani anacheza bao, mkalishe mtoto pembeni. Mashimo 32 na kete 64 ni somo la kugawa na kukadiria ambalo hakuna kitabu kitakachomfanya alikazie macho kiasi kile.

Kisha kuna saa. Mtoto asiyejua kusoma hufundishwa kwamba hii ni saa moja asubuhi, akakubali. Mtoto anayesoma ataona simu imeandika 7:00, ataona mshale mfupi umeelekea 7, nawe unamwambia ni saa moja. Atakubishia, na ana haki. Usimkaripie. Mweleze kwamba Waswahili tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, na kwamba simu inahesabu tangu usiku wa manane, kisha mwonyeshe njia ya mkato: kwenye saa ya ukutani, soma namba iliyo upande wa pili kabisa wa mshale mfupi. Mshale ukiwa kwenye 10, mkabala wake ni 4, nayo ni saa nne. Binti yangu alizunguka nyumba nzima siku hiyo akitafuta saa za kusoma, na babu yake alilazimika kuivua saa yake ya mkononi.

Hatua ya saba: Kiingereza kisubiri kidogo

Shinikizo la kumhamishia mtoto kwenye kusoma Kiingereza litakuja, hasa ikiwa unafikiria shule ya mchepuo wa Kiingereza. Ushauri wangu ni kumpa Kiingereza cha masikio na mdomo kwanza, nyimbo, salamu na majina ya vitu, na kuchelewesha maandishi yake mpaka awe na maneno mia kadhaa anayoyatumia kwa kusema. Sababu ni kwamba kanuni zilizomfanya asome Kiswahili kwa wepesi zitamponza. Nilipomfungulia wangu kitabu cha Kiingereza mapema mno, aliliona neno "same" akalisoma kama Same ya Kilimanjaro, akauliza kama ndiko alikozaliwa mjomba. Alikuwa sahihi kwa kanuni alizozijua. Wakati ukifika, mwambie wazi kwamba lugha hii ina tabia nyingine, na umfundishe maneno mazima badala ya silabi.

Hatua ya nane: wenzake, na siku ya kumkabidhi kwa mwalimu

Alasiri mtoto acheze nje. Kombolela, kuruka kamba na mdako vinamfundisha kungoja zamu, kushindwa na kusikilizana, mambo ambayo hataweza kuyasoma popote. Usimwite ndani asomee wageni. Nilifanya hivyo kwa miezi kadhaa, na nilichokivuna ni mtoto aliyewasahihisha wenzake matamshi mpaka wakakataa kucheza naye. Nilimpa kazi nyingine: kumsomea mdogo wake hadithi moja kila jioni, kwa masharti kwamba mdogo ndiye anayechagua kitabu na ndiye anayeuliza maswali. Maswali ya mtoto wa miaka mitatu ni mtihani mkali wa ufahamu.

Akikaribia kuanza shule, usidai arushwe darasa. Macho yake yako mbele, lakini mkono wake, hesabu zake na umri wake wa kucheza viko na wenzake. Nenda kwa mwalimu wa darasa la kwanza wiki ya kwanza, wakati ambao hana msongamano, ukiwa na lile daftari la vipimo, sampuli mbili za mwandiko wake na orodha ya vitabu alivyovimaliza. Usimwambie mwalimu kwamba mtoto ana akili sana, kwa sababu ameambiwa hivyo na wazazi wote. Mwambie anasoma bila kukwama, anaelewa visa vifupi, bado anageuza b na d, anahesabu hadi mia kwa vizibo. Kisha omba jambo moja dogo: akimaliza kazi yake kabla ya wenzake, aruhusiwe kutoa kitabu cha hadithi kwenye begi badala ya kukaa mikono mitupu. Mwalimu wetu alikuwa na watoto zaidi ya sitini, na hilo alilikubali mara moja, akaongeza lake: kila Ijumaa kabla ya kengele ya mwisho, mtoto ategee darasa kitendawili.